Fundi wa Hita, Fundi wa Friji: Lipa kwa Simu Bila Kujuta

Kitale ikifika Juni na Julai, maji ya bomba asubuhi ni kama yametolewa kwa friji. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Mlima Elgon haibishi hodi. Ukishuka kupitia Kiminini na Kimilili hadi Bungoma, hali inageuka. Huko ni karibu mita 1,400, jua la mchana lina nguvu, na soda ambayo si baridi inabaki tu dukani.

Kwa hivyo mtu wa Kitale anatafuta fundi wa kumwekea shawa ya maji moto, naye wa Bungoma anatafuta fundi wa kufufua friji. Shida zao ni tofauti, lakini simu wanayopigiwa ni moja: "Bosi, nitumie ya spea nianze kazi. Tuma na ya kutolea."

Hapo ndipo tunataka uvute pumzi kidogo. Pesa ya simu inafika kwa sekunde chache, lakini kazi ya fundi inaweza kuchukua siku mbili, na ubora wake uonekane baada ya wiki mbili. Wengi huumia katikati ya hizo nyakati mbili.

Kitale: maji moto, waya moto

Shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo hula umeme mwingi. Ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta karibu ampea 23, ilhali soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13. Maana yake ni kwamba shawa haifai kuunganishwa na waya wa taa ya bafuni au wa soketi ya sebuleni. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwa kisanduku cha umeme, swichi yake, breka yake, na waya wa ethi.

Fundi wa njia za mkato ataunganisha pale karibu. Siku ya kwanza maji yatatoka moto na wewe utafurahi na kulipa yote. Baada ya muda swichi inaanza kunuka kama plastiki iliyoungua. Ukipiga simu unaambiwa, "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

Uliza maswali matatu kabla ya kukubaliana bei: Waya utakuwa wa unene gani na utatoka wapi? Ethi iko? Na je, maji yangu ni ya chumvi? Maji ya visima vingine yana chumvi, na kuna shawa zilizotengenezwa kwa maji hayo. Ukiwekewa ya kawaida, huenda ikaharibika mapema.

Pia omba kuona leseni. Mafundi wa umeme hupewa leseni na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli nchini. Fundi aliye nayo hatakasirika ukiuliza.

Bungoma: "Gesi imeisha, mama"

Kwa friji, neno utakalolisikia sana ni gesi. Fundi anagusa nyuma, anatikisa kichwa, kisha anasema gesi imeisha. Tunza jambo hili moja akilini: gesi ya friji haiishi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja. Kujaza bila kuziba tundu ni kama kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Friji itagandisha siku chache, kisha utamtafuta fundi tena na kulipa tena.

Kwa hivyo muulize, "Inavujia wapi? Utaziba vipi?" Muulize pia ni gesi aina gani. Friji nyingi mpya hutumia R600a, ambayo hushika moto, na aina yake huwa imeandikwa kwenye kibandiko cha friji au kwenye kompresa. Fundi anayejaza bila kusoma kibandiko anabahatisha na friji yako, na nyumba yako pia.

Kurudisha pesa si garantii ya kazi

Wateja wengi hujiambia, "Akinichezea nitarudisha tu pesa." Pole, haiendi hivyo. Kwenye M-PESA, kwa mfano, kutuma ule ujumbe kwa 456 ni kwa pesa iliyopotea njia, yaani umekosea nambari. Kukosana na fundi kuhusu kazi ni mambo mengine. Na kama aliyepokea ameshatoa pesa, hakuna cha kukurudishia pale.

Tuwe wakweli pia kwa upande wa fundi. Kuna wateja ambao kazi ikiisha vizuri na fundi akishapanda boda, wanaomba pesa irudishwe eti walikosea nambari. Huo ni wizi. Fundi wa jua kali hana mtaji wa kununua waya wa kila mteja, na ndiyo maana anaomba pesa ya kwanza. Mpango mzuri unawalinda nyote wawili.

Lipa kwa hatua tatu

1. *Spea.* Lipa dukani moja kwa moja. Fundi akiwa kwenye hadwea, akutumie nambari ya Till ya duka. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea: ni la duka au ni la rafiki yake? Ukilipa kwa Till ya Buy Goods hutozwi ada ya kutuma, na ile stori ya "ya kutolea" inaisha. Risiti iandikwe jina lako, kwa sababu garantii ya spea ni yako.

2. *Kazi.* Lipa sehemu kubwa ya ufundi baada ya kuona kifaa kikifanya kazi mbele yako. Shawa iwashwe dakika 10, kisha uguse swichi kwa nje: ikiwa moto, kuna tatizo. Friji haijaribiwi kwa dakika 10. Ipe usiku mzima.

3. *Salio.* Kubalianeni mapema kiasi kidogo kitakachobaki kwa wiki moja au mbili. Kisha kilipe siku mliyopatana, bila kumzungusha fundi.

Mkishapatana, andika kwa SMS au WhatsApp kabla ya kutuma shilingi yoyote. Haihitaji Kiswahili cha wakili:

"Habari fundi. Tumekubaliana uweke shawa na waya mpya wenye ethi. Spea nalipa dukani. Ufundi ni 3,000: 2,500 ikifanya kazi, 500 baada ya wiki mbili. Ikiharibika kwa sababu ya ufundi ndani ya miezi mitatu unarekebisha bure. Sawa?"

Akijibu "sawa", una mkataba. Usifute ujumbe huo, wala ule wa malipo wenye nambari ya muamala, tarehe na jina. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Simu yako ndiyo daftari.

Ikiwa tayari umeumia

Anza na fundi mwenyewe. Mwandikie ujumbe wa heshima, taja tarehe, nambari ya muamala na mlichokubaliana, kisha umpe siku ya kuja kurekebisha. Wengi hurudi wakiona una rekodi. Ikishindikana, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara kutokana na kasoro zake. Mahakama za Madai Madogo, zilizoundwa kwa sheria ya 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Uliza kwenye mahakama iliyo karibu nawe utakapowasilisha dai.

Na ukipata fundi mzuri, mlipe kwa wakati na umpe jirani nambari yake. Kitale na Bungoma kuna wengi wa aina hiyo, na kazi yao hutangazwa na wateja wao.