Sikio Halina Kope

Ukichoka kutazama unafumba macho. Sikio halina kope: liko wazi mchana na usiku, na kila sauti iliyo karibu inaingia. Kaa kwenye meza ya harusi, muziki juu, watoto wanapiga kelele, wazee wanabishana mpira; yote hayo yanafika kwenye ngoma ya sikio yakiwa mtikisiko mmoja uliochanganyika. Bado unamsikia shemeji yako. Nani kamtenga na wengine?

Mwaka 1953 Mwingereza Colin Cherry aliwavisha watu spika za masikioni, kila sikio likapewa maneno yake, akawataka warudie kwa sauti yale ya upande mmoja tu. Upande wa pili ulipita hivi hivi. Hata lugha yake ilipobadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, hawakujua. Ila sauti ya mwanamume ilipogeuka ya mwanamke, hilo walilinasa.

Cherry hakuwa na namna ya kuchungulia ndani ya ubongo. Mwaka 1973 mtafiti Steven Hillyard na wenzake, kwa elektrodi za kubandika kichwani, walionyesha kwamba wimbi la umeme linaloibuka takriban sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mlio huwa kubwa zaidi mlio huo ukifuatiliwa. Ni mapema mno, kabla hujapata hata muda wa kuwaza.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka San Francisco mwaka 2012. Wagonjwa wa kifafa kilichoshinda dawa huwekewa elektrodi juu ya ubongo wenyewe kwa siku kadhaa, madaktari wakitafuta kinakoanzia. Watafiti Nima Mesgarani na Edward Chang waliwaomba baadhi yao wasikilize watu wawili wakisema kwa pamoja. Mmoja anaita “Tiger”, mwingine “Ringo”, na kila mmoja anataja rangi na namba. Mgonjwa anaambiwa amfuate mwenye neno fulani, kisha ataje rangi na namba za huyo.

Kompyuta ikasoma umeme wa eneo la kusikia na kuunda upya picha ya sauti. Ilifanana na ya msemaji aliyefuatwa, kana kwamba alikuwa akisema peke yake. Mchanganyiko uleule, mgonjwa akihamishia akili kwa mwingine, ukatoa picha ya yule mwingine. Hata pale mgonjwa alipomfuata msemaji asiye wake, umeme ulimuumbua.

Kwa hiyo kusikia ni kazi, na kazi hiyo inafanywa kichwani. Ndiyo maana babu aliyenunuliwa kifaa cha kusikia analalamika akiwa sebuleni: kifaa kinakuza redio, sufuria na mjukuu kwa pamoja, na ubongo wake ndio unaoachiwa kuchambua. Watafiti wanajaribu kutengeneza vifaa vitakavyosoma mawimbi ya ubongo ili vijue mtu anataka kumsikia nani. Kwa sasa, kabla ya kumpandishia babu sauti, zima redio, kaa mbele yake, na wengine wamwache mmoja aseme.