Hadithi Isiyo na Faraja

Wengi wetu tumezoea hadithi zinazomalizika vizuri. Tunapowasimulia watoto jioni, tunataka zimwi lishindwe, mtoto aliyepotea arudi nyumbani, na mama afute machozi. Je, tufanye nini na hadithi ambayo joka linakufa, lakini watoto nao wanakufa, na mama anafika akiwa amechelewa?

Wasomaji wa nchi nyingi walikutana na swali hilo mwezi wa Aprili 2007, kilipotoka kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Children of Húrin, yaani Wana wa Húrin. Mwandishi wake, Mwingereza J.R.R. Tolkien, alikuwa amekwisha kufariki tangu Septemba 1973. Alianza kuitunga hadithi hii karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akairudia mara nyingi, wala hakuimaliza. Mwanawe Christopher alitumia miaka mingi akipanga na kulinganisha karatasi za baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 82 alipoitoa ikiwa kitabu kizima. Kilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya vitabu vya hadithi ya gazeti la New York Times. Lakini kununua ni jambo moja, na kupendezwa ni jingine.

Hadithi yenyewe

Katika nchi ya kubuni, Húrin anakwenda vitani kupigana na Morgoth, mtawala wa uovu. Anatekwa. Anapokataa kutoa siri ya rafiki zake, Morgoth anailaani jamaa yake yote, kisha anamfunga juu ya mlima kwa miaka 28, atazame jinsi laana itakavyowapata wanawe.

Nyumbani amebaki mkewe, Morwen, akiwa mja mzito. Adui wameingia nchini. Anamtuma mwanawe Túrin, mwenye umri wa miaka 8, akalelewe na mfalme wa mbali. Binti, Nienor, anazaliwa baada ya kaka yake kuondoka. Watoto hawa wa tumbo moja wanakua bila kuonana. Miaka mingi baadaye joka linamnyang'anya Nienor kumbukumbu yake yote. Túrin anamwokota porini, hamjui, anampenda na kumwoa. Ukweli unapofichuka, Nienor anajitupa mtoni akiwa na mimba, na Túrin anajiua kwa upanga wake mwenyewe.

Wasomaji walisemaje?

Wapo waliokifunga kitabu kwa uchungu. Walikuwa wamezoea vitabu vingine vya Tolkien, ambamo wadogo na wanyonge hushinda na watu hurudi nyumbani kucheka. Wakauliza, kwa nini tusome huzuni tupu? Wengine walilalamikia lugha ya kizamani na wingi wa majina ya watu na mahali. Wapo pia waliosita kuona kazi ya marehemu ikitolewa bila mwenyewe kuikamilisha.

Wengine walisema kwamba hiki ndicho kitabu chake chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu hakimdanganyi msomaji. Tolkien alipigana huko Somme, Ufaransa, mwaka 1916, na vita hiyo iliwachukua marafiki zake wa karibu. Alijua kwamba si kila kijana hurudi kwa mama yake.

Wasomaji Wakristo walikuwa na swali lao. Tolkien alikuwa Mkatoliki mwenye imani thabiti. Iweje mtu wa namna hiyo aandike habari ya kukata tamaa? Baadhi walijibu kwamba alikuwa akieleza zama za kale, kabla Habari Njema haijasikika, ili tuone jinsi mwanadamu alivyo gizani anapojitegemea mwenyewe.

Majibu yote hayo yana uzito. Lakini sisi akina mama tukisoma, macho yetu yanabaki kwa Morwen.

Msiba wa kwanza

Kabla ya vita, Morwen na Húrin walikuwa na binti mwingine, mtoto wa miaka 3, ambaye kila mtu alimwita Lalaith, maana yake kicheko. Ukaja ugonjwa, akafa. Túrin naye aliugua, lakini akapona. Alipoamka alimwuliza yaya wake habari za dada yake. Mama yake alipokuja, alimwambia kwamba amekufa, basi. Hakumkumbatia wala hakulia pamoja naye. Alikuwa mwanamke hodari, na huzuni yake aliimeza kimya kimya. Mtoto akaenda kutafuta faraja kwa Sador, mtumishi mlemavu aliyekuwa fundi seremala.

Ni mara ngapi jambo hili hutokea katika nyumba zetu! Msiba ukiingia, sisi tunahangaika na wageni, chakula na michango. Tunawaambia watoto wakacheze nje. Tunafikiri kwamba hawaelewi, au kwamba machozi ya mama yatawatia hofu. Kumbe mtoto ambaye hakuonyeshwa namna ya kulia huibeba huzuni yake peke yake, na mara nyingi hugeuka kuwa hasira. Túrin alikua na hasira hiyo.

Laana au kiburi?

Hapa ndipo wasomaji wanapobishana zaidi. Je, ni laana iliyoiangamiza nyumba ya Húrin, au ni matendo yao wenyewe? Swali hili si geni kwetu. Ndoa ikivunjika, watoto wakifa, vijana wakipotea katika ulevi, hukosi mtu wa kunong'ona kwamba ukoo ule una laana.

Tolkien hakulijibu waziwazi. Laana ipo katika hadithi, na adui ana nguvu kweli. Lakini ukifuatilia hatua kwa hatua, utaona kwamba kila mara mlango mwingine ulikuwa wazi. Mfalme aliyempokea Túrin alimwalika na mama yake pia. Morwen alikataa. Alikuwa na sababu za kweli: mimba, njia ya hatari, na tumaini kwamba mumewe atarudi. Hata hivyo, moyoni kulikuwa na sababu nyingine: hakutaka kula mkate wa kupewa. Wajumbe walimjia tena wakimsihi, naye akabaki. Alipokwenda hatimaye, Túrin alikuwa amekwisha kuondoka. Kama angekwenda mapema, kaka na dada wangelelewa nyumba moja, na uongo wa joka usingepata pa kushika.

Mwana naye alifanana na mama. Katika jumba la mfalme aligombana na mtu aliyewatukana wanawake wa kwao. Alimkimbiza, na mtu yule akaanguka gengeni akafa. Túrin akakimbia kabla ya kuhukumiwa. Mfalme alichunguza, akamsamehe, na rafiki yake Beleg akamtafuta hadi akamletea habari hiyo njema. Túrin akakataa kurudi. Msamaha ulimfikia mpaka mikononi, naye hakuupokea.

Mama mpendwa, nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anafundisha kwamba mwana hachukui uovu wa baba yake. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuishi kwa kuogopa laana ya ukoo. Tuchunguze badala yake yale tunayoyarithisha kwa mikono yetu wenyewe: kiburi kinachoona haya kusaidiwa, ukimya baada ya msiba, na ndugu ambao hawajuani kwa sababu wakubwa waligombana.

Je, tuwape watoto?

Kwa watoto wadogo, hapana. Kuna ndoa ya ndugu, ingawa hawakujua, na kuna kujiua. Kijana mkubwa aweza kukisoma, lakini ni vizuri mzazi akisome pia, kisha wazungumze. Akiuliza kama Túrin hakuwa na njia nyingine, mwambie wazi kwamba ilikuwepo, na kwamba mlango wa nyumbani kwenu hautafungwa kwake hata afanye nini.

Lakini tusiikatae hadithi kwa sababu tu inaumiza. Biblia yetu ina kitabu cha Maombolezo. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kumalizika gizani, wala hakuna aliyeiondoa. Mungu haoni haya kusikia kilio ambacho hakijapata jibu.

Tolkien mwenyewe aliyajua machozi ya mtoto. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Baba yake alifariki mwaka 1896, na mama yake, Mabel, mwaka 1904, akimwacha na umri wa miaka 12. Mama huyo alikuwa ametengwa na baadhi ya jamaa zake kwa ajili ya imani yake. Kabla hajafa aliwakabidhi wanawe kwa padri mmoja, Francis Morgan, aliyewalea kwa uaminifu. Yeye alikubali kusaidiwa.

Mwisho wa hadithi Húrin, sasa mzee, anafunguliwa. Anamkuta Morwen ameketi kando ya jiwe la kaburi la watoto wao. Anamwuliza mumewe jinsi binti yao alivyompata kaka yake. Húrin anajua yote. Hajibu. Wanakaa pamoja wameshikana mikono mpaka jua linapotua, na mama anakata roho.

Hapo wasomaji wengi walilia. Basi, tukikifunga kitabu, na tumwite yule mtoto wetu aliye kimya tangu msiba ulipotokea. Tumketishe karibu nasi na kulitaja jina la marehemu. Na machozi yakija, tulie pamoja.