Tiki Nyekundu Haipo, Kompyuta ya Steshenari Ipo

Ujumbe ule umerudi. Safari hii walioniuliza ni walimu wa Nyololo, pale Mufindi ambapo barabara ya Mgololo inaachana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya: eti ni kweli kwamba WhatsApp ikionyesha tiki tatu, mbili za bluu na moja nyekundu, serikali imesoma ulichoandika na hatua zinakuja? Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Nalijibu hapa, hadharani, ili atakayeulizwa tena aonyeshe gazeti.

Haipo tiki nyekundu, wala tiki ya tatu. Tiki moja ya kijivu ina maana ujumbe umetoka kwenye simu yako. Mbili za kijivu, umefika. Mbili za bluu, zilizoanza Novemba 2014, umesomwa. Kwenye kundi, bluu haitokei mpaka wanakundi wote wasome. Kwa hiyo mwenzenu mmoja akiwa kule kwenye mashamba ya chai ambako mtandao haushiki, kundi zima litabaki na kijivu hadi jioni, na hapo ndipo uvumi unapoota mizizi. Tangu Aprili 2016 ujumbe hufungwa kwenye simu ya mtumaji na hufunguliwa kwenye vifaa vya wapokeaji tu. Kampuni yenyewe haina ufunguo wa kuusoma ukiwa njiani. Na hebu tufikiri kidogo, sisi tunaofundisha watoto kufikiri: anayekupeleleza atakuwekea alama ya kukujulisha kwamba anakupeleleza?

Linaloniuma ni hasara. Kila ujumbe huu unapozunguka, kuna walimu wanaojitoa kwenye makundi. Mwalimu wa Fizikia aliye peke yake shuleni hana mwenzake wa kumuuliza swali la somo lake ila kwenye simu. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, mihtasari na maazimio ya kazi yalipita humo humo. Jumuiya za Kujifunza za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, hukutana ana kwa ana, lakini swali la saa tatu usiku, kesho una kipindi cha kwanza, linaulizwa kwenye kundi. Humo pia ndimo tunamochangiana misiba na kupeana habari za wenzetu waliohamia mbali. Mtu akiondoka kwa hofu ya rangi isiyokuwepo, anabaki mpweke kazini.

Tena hofu yenyewe imeelekezwa pabaya. Siri za makundi ya walimu hutoka kwa mlango wa mbele. Mwalimu anakwenda steshenari kuchapa mtihani wa muhula, anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya duka, anachapa, analipa, anaondoka. Hakuifunga. Kuanzia hapo, yeyote atakayekaa kwenye kiti kile anasoma kundi zima, mtihani ukiwemo, kwa siku kadhaa, huku mwenye simu akihesabu tiki. Njia nyingine ni skrinishoti ya mwenzako. Hakuna ufunguo unaozuia mpokeaji halali kusambaza alichopokea. Kundi lina uwezo wa kuchukua watu 1,024. Kundi la aina hiyo hakuna anayeweza kuliita la faragha.

Basi fanyeni hivi, leo. Ingia kwenye menyu ya WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa kila kompyuta usiyoitambua. Weka namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, na usimtajie mtu hata akijiita admin. Mtihani usipite kwenye kundi kabisa. Upeleke steshenari kwa flashi na ufute nakala iliyobaki kwenye mashine. Nakala rudufu zinazokaa Google zina ulinzi wake wa ziada, nao haujiwashi wenyewe, uwashe. Kundi la wazazi liwe mbali na la walimu. Matokeo ya mtoto yaende kwa mzazi wake, si orodha nzima kumwagwa kwa kila mtu. Na picha za wanafunzi, hasa za mtoto anayeadhibiwa, anayeumwa au anayelia, zisipigwe kwa ajili ya kundi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaanza kazi pale pale unapopiga picha, si unapoituma tu, na ridhaa ya mzazi huombwa kabla ya hapo.