Bakuli Linalotaja Umri wa Kaburi

Ukifika Kaole, kilomita chache kusini ya Bagamoyo, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba yale makaburi yenye nguzo ndefu ni kazi ya Wareno. Uongo huu umezeeka. Vasco da Gama alipita pwani yetu mwaka 1498, na kule Gedi, Kenya, lipo kaburi la mawe lililochongwa mwaka wa Hijria 802, sawa na 1399 hivi. Makaburi ya nguzo yametapakaa kuanzia Somalia hadi Tanzania, na mtindo huo ni wa pwani yenyewe.

Malighafi ni matumbawe. Kuta zilijengwa kwa jiwe gumu lililochimbwa nchi kavu. Kwa nakshi, fundi alilifuata tumbawe baharini, maana likiwa bichi hukatika kama muhogo na likikauka halikubali tena kisu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, yakazimwa kwa maji.

Kisha mafundi wakafanya jambo la ajabu: chokaa ikiwa bado mbichi, walipachika usoni mwa baadhi ya nguzo na makaburi mabakuli ya kauri kutoka China na Uajemi. Kwa mwanaakiolojia, hayo ni kalenda. Rangi, udongo na michoro humwambia bakuli lilifinyangwa karne gani, na kaburi haliwezi kuwa kongwe kuliko bakuli lililomo. Bakuli la karne ya 15 maana yake kaburi ni la karne hiyo au la baadaye. La baadaye kiasi gani? Hapo pana mtego: chombo cha thamani huweza kurithiwa toka babu hadi mjukuu kabla ya kupachikwa. Ndiyo maana wachimbaji hulinganisha na vigae vilivyofukiwa chini ya sakafu, na maandishi yakiwepo.

Mabakuli mengi ya pwani yameshang'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Aliyebandua bakuli aliondoka na tarehe ya kaburi.

Kinachoniudhi zaidi ni saruji. Tunaona ufa, tunakimbilia mfuko wa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, hainyonyi wala kutoa unyevu kama chokaa. Maji na chumvi hunaswa nyuma yake na jiwe humenyeka. Ufa wa chokaa uzibwe kwa chokaa, na chokaa bado inachomwa pwani.

Mbali na tarehe, yapo mengine yanayosomwa makaburini: nani alikuwa tajiri, meli zilitoka wapi, mji ulistawi lini, ukafifia lini.

Walimu wa Pangani yetu ya Kibaha, na nyinyi wa Kisarawe, Kaole iko mkoani kwenu. Wapelekeni watoto, na muwakataze kupanda juu ya makaburi.