Namna ya kuwaongoza waalimu wasaidizi katika mazungumzo ya wanafunzi

Tutazame kwanza chumba kimoja cha chuo kikuu. Profesa amekwisha kutoa fundisho lake mbele ya wanafunzi wengi. Sasa wamegawanywa vikundi vidogo, na kila kikundi kimepewa mwalimu msaidizi, yaani kijana aliyemaliza masomo juzi tu, ili awaongoze kuzungumza juu ya fundisho lile. Anaingia, anauliza: «Mmefahamu?» Wote wanajibu: «Ndiyo.» Kisha kimya. Basi anashika chaki, anarudia maneno ya profesa mpaka saa inakwisha.

Kosa ni la nani? Wengi watasema: ni la kijana. Lakini yeye anaogopa kwamba akiulizwa neno asilolijua, wanafunzi watamdharau. Tena hakuna aliyemwonyesha njia. Kosa la kwanza ni la profesa aliyemtuma mikono mitupu.

Watu wa kale walilijua jambo hili. Katika chuo kikuu cha Paris, karne ya 13, mabishano ya shule yalikuwa na utaratibu wake. Siku ya kwanza msaidizi, aliyeitwa bakalario, alijibu mashaka ya wasikilizaji, mwalimu wake akiwapo. Siku nyingine mwalimu alikusanya hoja zote, akatoa uamuzi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alianza huko kazi ya bakalario mwaka 1252, akawa mwalimu mwaka 1256. Msaidizi alijifunza kwa kufanya kazi yenyewe, lakini hakuachwa peke yake.

Profesa wa leo afanye vivyo hivyo. Kwanza, kila juma akutane na wasaidizi wake. Wachague swali moja au mawili, nao wenyewe walijadili kabla ya wanafunzi. Hapo wataona mahali pagumu ni wapi. Pili, mara kwa mara aende kuketi nyuma ya kikundi bila kusema neno. Kiisha amwonye msaidizi kwa faragha, kamwe si mbele ya wanafunzi.

Msaidizi naye ashike mambo matatu:

1. Aulize swali linalodai sababu. Kwa mfano: «Mtu ameapa kwa kutishwa. Je, kiapo chake kinamfunga? Kwa nini?» Hapo «ndiyo» peke yake haitoshi.

2. Avumilie kimya. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtaalamu wa Marekani, alichunguza masomo ya sayansi katika shule za watoto. Aliona kwamba waalimu wengi, wakiisha kuuliza, hungoja kadiri ya sekunde moja tu. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu na yenye sababu, na watoto wengi zaidi walisema. Wakubwa nao huhitaji nafasi ya kufikiri.

3. Akiulizwa, asikimbilie kujibu. Ampe mwanafunzi mwingine neno: «Wewe waonaje?» Naye asipojua, aseme wazi: «Sijui, nitatafuta, nitawajibu juma lijalo.» Na kweli awajibu. Hatadharauliwa, ataaminiwa.

Je, taabu hii yote ina faida gani? Tukumbuke chuo kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Mwezi wa Januari 1960, Tharcisse Tshibangu, mwanafunzi wa teolojia, alibishana hadharani na Padri Alfred Vanneste, mkuu wa kitivo chake. Mwanafunzi alisema kwamba yaweza kuwapo teolojia yenye sura ya kiafrika. Mkuu alishikilia kwamba teolojia yapaswa kuwa ya watu wote. Wote wawili waliandika hoja zao, na wanateolojia wa Afrika wanazisoma hata leo. Mwaka 1967 mwanafunzi yule akawa rekta wa Lovanium. Kama angalifundishwa kukariri tu, swali lile lingalizaliwa wapi?

Nasi wa seminari na wa katekesi tujipime. Padri anayewatuma makatekista vijijini ni kama profesa yule. Je, ameketi nao kwanza kulijadili fundisho? Na katekista anapouliza «Mmefahamu?», wakristu wakajibu «Ndiyo», asifurahi upesi. Aulize tena: «Kwa nini?» Kisha angoje.