Bati la Nyanya Lisiishie Kwenye Mizani

Fundi alikuwa amelaza bati kuukuu juu ya kipande cha reli, akiligonga kwa nyundo ya mbao hadi mawimbi yake yakalala. Ilikuwa asubuhi mjini Karatina na mlio ule ulisikika hadi barabarani. Bati lenyewe lilitoka kwenye jiko la zamani lililobomolewa huko vijijini Mathira. Lilikuwa na rangi tatu. Ukingoni, pale lilipofunikwa na bati jirani, zinki ilikuwa bado inang'aa kijivu. Katikati lilifanana na kahawa iliyokaangwa. Na kila tundu la msumari lilizungukwa na duara la rangi ya chungwa, mithili ya jicho.

Nia yake ilikuwa kulikata ili atengeneze vyombo vya kulishia kuku. Nilimwomba angoje kidogo nilitazame. Akacheka. "Mama, hilo ni la zamani. Hebu linyanyue uone." Nikalinyanyua, na kweli lilikuwa zito kuliko mabati mengi ninayoyaona yakishushwa madukani siku hizi. Nikaligeuza. Upande wa chini ulikuwa mweusi tititi kwa masizi. Moshi wa kuni za miaka mingi ulikuwa umegandia pale, pamoja na githeri yote iliyopikwa chini yake.

Rangi zile za kutu nimewahi kuziona kwingine, katika picha za kazi za Naomi Wanjiku Gakunga. Huyu ni msanii Mkenya aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, na ambaye ameweka makao San Antonio, Texas. Hutumia karatasi za chuma na waya. Huziacha karatasi hizo ziliwe na maji na hewa, na kutu inayozuka ndiyo rangi yake kuu. Kisha huzikata vipande, akavishikanisha kwa waya hadi vinaning'inia ukutani kama kitambaa kizito. Waya nao huufuma kama uzi. Mwaka 2013 alifanya maonyesho jijini London, katika jumba la October Gallery, akayapa jina la Kigikuyu: Ituĩka, yaani ile sherehe ya kizazi kimoja kukabidhi uongozi kwa kizazi kinachofuata.

Ukimsikiliza akieleza kazi yake, anarudi nyumbani mara moja. Anakumbuka maji ya mvua yaliyotiririka kutoka kwenye paa na kukingwa chini. Anawakumbuka pia akina mama wa vikundi vya mabati. Hapo ndipo habari hii inapotuhusu sisi wa Nyeri, Kirinyaga na Murang'a kuliko inavyoihusu London.

Vijana wengi hawajui vikundi hivyo vilikuwa nini. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na hasa kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya kati ikawarundika katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Nyumba zao ziliteketezwa. Waliporejea mashambani, wengi walianza upya chini ya paa la nyasi, na nyasi nzuri za kuezekea zilikuwa zinaadimika kadiri ardhi ilivyogawanywa na kuwekewa ua. Kwa hiyo, katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wakajipanga. Walilima na kupalilia mashamba ya watu kwa malipo, wakaimba na kucheza penye hafla, wakatia shilingi zao pamoja. Kila fungu lilipotosha, walinunua mabati ya mama mmoja. Kisha zamu ikaenda kwa mwingine, hadi kila mwanachama akalala pasipovuja. Baada ya paa, vikundi vingi viliendelea na matangi ya maji na ng'ombe wa gredi.

Ndiyo maana sikubali mtu akiliita bati lile takataka. Lilinunuliwa kwa jembe. Kila tundu la msumari pale ni siku ambayo kundi la wanawake lilisimama uani kwa vigelegele, fundi akiwa juu ya paa.

Bati lenyewe asili yake ni kiwandani na bandarini. Mhandisi Henry Robinson Palmer ndiye aliyepata hataza ya chuma chenye mawimbi, London, mwaka 1829. Mawimbi hayo huipa karatasi nyembamba nguvu ya kubeba uzito bila kupinda. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukipaka chuma zinki. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Inapokwisha, ndipo kutu hupata njia. Mtu anayejua kulisoma bati huona upande uliopigwa na mvua zaidi, mahali tawi la mti liliposugua, na mahali ambapo mwenye nyumba aliziba tundu kwa lami. Gakunga amejenga sanaa yake juu ya usomaji huo.

Wala ustadi wa kugeuza vifaa vya ujenzi kuwa kitu kingine si mgeni kwetu. Wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walijitengenezea bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango, msumari na vipande vya mpira wa tyubu. Mafundi wa jua kali wakaurithi mkono huo kwa kazi za amani: sanduku la mwanafunzi wa bweni, karai, jiko, mfereji wa paa. Jijini Nairobi, Kioko Mwitiki amejipatia sifa kwa kuchomelea vyuma chakavu hadi ndovu wa kimo halisi akasimama. Afrika Magharibi, El Anatsui wa Ghana ameshona vifuniko vya chupa vikawa mapazia makubwa ya chuma, na mwaka 2015 akatunukiwa Simba wa Dhahabu wa heshima ya maisha kule Venice. Dunia imekwisha kuona thamani ya kazi za namna hii.

Kwetu, bati kuukuu bado linaishia kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa. Wakati huo tulijadili wizi, leseni na bei. Sikumbuki tukijadili kilichokuwa kinayeyushwa. Nyumba za zamu zile za miaka ya 1960 sasa zinabomolewa, wajukuu wanajenga za mawe na vigae, na mabati yanapakiwa kwenye pikipiki kuelekea kwa mnunuzi.

Nyeri ina makumbusho yake pale Ruring'u, katika jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni. Ningependa kuona bati moja la namna hii likitundikwa humo, upande wa masizi ukiwa wazi, jina la kikundi na la kijiji yakiwa chini yake. Ningependa pia serikali za kaunti zetu zimwalike Gakunga, zimpe ukuta mmoja wa jengo la umma, na wanafunzi wa sanaa na wachomeleaji wa mjini wafanye kazi naye bega kwa bega. Mabati tunayo na mafundi tunao.

Na wewe msomaji, kama mwaka huu mnabomoa nyumba ya nyanya, ondoa bati moja kabla ya lori kufika. Kama nyanya angali hai, keti naye umuulize kikundi chake kiliitwaje, walilima shamba la nani, na paa lake lilikuwa zamu ya ngapi. Andika majibu yake kwa rangi juu ya yale masizi, kisha liweke bati hilo mahali pakavu.