Haya Isiwapokonye Vijana Uzazi

Nyumba ikikosa mtoto, tumezoea kumlaumu mke. Twasahau kuwa huenda sababu imo kwa mume, tangu alipobalehe. Busha lajulikana visiwani. Lakini uko uvimbe mwingine, wa mishipa ya damu ya korodani, aghalabu upande wa kushoto, unaowapata wanaume wapatao 15 katika kila 100. Si kila kijana apasuliwe. Wengi yatosha wapimwe kila mwaka. Lakini korodani ya upande huo ikidumaa, au maumivu yakishika, daktari huifunga mishipa hiyo kwa upasuaji mdogo. Wahenga walinena: mficha uchi hazai. Basi twawasihi wazazi waondoe haya, na wakuu wa afya wapeleke madaktari maskulini. Kijana asinyamaze hadi aoe.